Kichwa cha panorama kwa kamera nzito: kilo za kwenye boksi zisikudanganye

Kilele cha Menengai, kreta ya volkano karibu na Nakuru, Kenya, kiko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa mchana pale ukingoni hauna adabu. Ndiko nilikogundua kwamba kichwa cha tripodi (sehemu ya juu inayoshika kamera) nilichouziwa kwa maneno matamu, boksi likisema kinabeba kilo 5, hakikuweza kushika kilo 3. Safu ya kwanza ya picha za kuunganisha kuwa panorama, yaani picha moja pana, ilitoka sawa. Nilipoinamisha kamera nipige safu ya chini, ikaendelea kuinama yenyewe, taratibu, kama mzee anayesinzia kanisani. Kufika nyumbani, picha zikakataa kuungana.

Siku hizi nikienda kununua hufuata mpango huu.

Hatua ya 1: Pima mzigo wote. Funga kila kitu utakachotumia: betri ya ziada, lenzi, pete yake yenye mguu wa kufungia kwenye tripodi, bamba la chini la kufungia kamera, hata kofia ya lenzi. Kama huna mizani, nenda bucha. Mimi nilienda, muuza nyama akaniuliza, "Ndugu, hii ni nyama ya mnyama gani?" Kamera yangu na lenzi ya milimita 70-200 ilisoma kilo 3 na gramu 100. Tafuta kichwa kilichoandikwa angalau mara mbili ya mzigo wako, lakini usiishie hapo.

Hatua ya 2: Pima umbali. Hapa ndipo wengi tunapoumia. Kubeba ndoo ya maji ukiwa umeikumbatia si sawa na kuishika mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Ndoo ni ileile, ila bega linajua tofauti. Kilo za kwenye boksi mara nyingi ni za mzigo uliokaa juu ya kitovu cha kichwa, pale kinapozungukia. Kichwa cha panorama chenye mkono wa kusimama hubeba kamera ikiwa imelala ubavu, kando ya kitovu, ili katikati ya lenzi ndiyo ikae juu ya kitovu.

Kwa hiyo chukua rula. Pima kwanza kutoka chini ya bamba hadi katikati ya lenzi. Lenzi yenye pete ya mguu mrefu inaweza kukaribia sentimita 10, na reli ya chini, ile ya kusogeza kamera kushoto na kulia, lazima ifike huko, la sivyo kamera haitakaa mahali pake hata ukilia. Kisha tazama ndani ya lenzi kutoka mbele: utaona kitundu cha mwanga kinachoonekana kama kimezama ndani. Kamera inapaswa kuzunguka juu ya kitundu hicho. Kadiria kiko umbali gani kutoka kwenye mguu, maana reli ya juu, ile ya kusogeza kamera mbele na nyuma, nayo lazima iruhusu kamera kusogea hadi hapo.

Hatua ya 3: Safu moja au nyingi? Ukipiga safu moja tu ya mandhari, kitako kinachozunguka chenye reli moja kinatosha, na ni imara kuliko mikono miwili. Kama unataka sakafu ya kreta, mawingu na ukingo wa pili kwa pamoja, utahitaji mkono wa kusimama. Usinunue mikono kwa fahari. Kila kiungo kinachoongezeka ni mahali pengine pa kulegea.

Hatua ya 4: Vituo vya kuzungukia. Kichwa kizuri hulia "tik" kila nyuzi kadhaa. Lenzi ya milimita 50 kwenye sensa kamili (milimita 36 kwa 24), kamera ikiwa wima, huona nyuzi 27 kwa upana. Ukisogea nyuzi 18 kila picha, theluthi moja inaingiliana na iliyotangulia, na mzunguko mzima unakuwa picha 20. Kwa milimita 70 upana ni chini kidogo ya nyuzi 20, kwa hiyo utahitaji vituo vya nyuzi 12 hivi. Angalia kama kichwa kina vituo unavyohitaji wewe, si vile muuzaji anavyosifu.

Hatua ya 5: Kusawazisha. Kitako cha kusawazisha kikae chini ya sehemu inayozunguka. Ukisawazisha kwa kichwa cha gololi, kile kinachoinama kila upande, kikiwa chini ya mtambo, ni sawa pia, ila gololi hiyo nayo lazima ibebe mzigo wote.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kulipa. Funga kamera yako mwenyewe, lenzi iangalie bango la mbali barabarani. Kwenye skrini kuza picha mara 10. Kaza skrubu: picha ikishuka baada ya kuachia mkono, mrudishie muuzaji kichwa chake. Kisha gonga mguu wa tripodi kwa kidole uhesabu sekunde. Ikitulia haraka, vizuri. Ikiendelea kutetemeka hadi unachoka kuhesabu, upepo wa Menengai utaimaliza. Usiinue mhimili wa katikati wa tripodi unapojaribu, maana huo peke yake unaweza kuharibu jibu.

Hatua ya 7: Tafuta mahali pa kuzungukia, yaani pale kwenye kitundu cha Hatua ya 2, ili vitu vya karibu visihame mbele ya vya mbali. Kama kila kitu kiko mbali, kama kreta ile, unaweza kuruka hatua hii. Ila pakiwa na mwamba au ua karibu, huna budi. Uani kwangu natumia nguzo ya kamba ya nguo na nguzo ya stima iliyo mbali. Zipange zifuatane, kisha geuza kamera kulia. Nguzo ya karibu ikihamia kushoto ya ile ya mbali, rudisha kamera nyuma kwenye reli. Ikihamia kulia, isogeze mbele. Zikibaki pamoja, soma milimita kwenye reli uziandike kwenye selotepu, uibandike kwenye kifuniko cha lenzi. Lenzi ya kuvuta (zoom) inahitaji kuandikwa mara kadhaa, maana namba ya milimita 70 si ile ya 200.