Honda C70 ya volti 6 iliyolala miaka mingi: moto kwanza, petroli baadaye

Ukiitoa stoo pikipiki ya zamani ya Honda C70, usikimbilie dukani kununua betri. Kwenye C70 ya volti 6 yenye platini (vibao viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe moto), moto wa plagi hautoki kwenye betri. Unatengenezwa na koili iliyojificha nyuma ya gurudumu la sumaku, upande wa kushoto wa injini. Betri ni ya honi, indiketa na taa ya breki. Usiichanganye na C90 ya volti 6, ambayo moto wake unategemea betri, hivyo maelekezo ya moto yaliyo hapa hayaifai.

Andaa mita ya umeme, fila (vibao vyembamba vya kupimia nafasi), msasa laini namba 600, plagi mpya ya NGK C7HSA na petroli mpya lita moja.

Hatua ya 1: Legeza injini

Fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu lake, uache hadi kesho yake. Silinda ya C70 imelala, kwa hiyo oili hutuama upande wa chini tu. Ndiyo maana ni lazima kusukuma kiki kwa mkono, taratibu, mara nyingi, hadi oili izunguke. Kiki ikigoma usiirukie kwa mguu. Ringi zilizoshikana na silinda hukatika kwa papara ya namna hiyo. Kisha mwaga oili ya zamani, maana imeshanyonya unyevu, uweke mpya, karibu mililita 700.

Hatua ya 2: Tafuta moto

Vika plagi mpya kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na tundu la silinda, upige kiki. Cheche ya buluu inayolia "ta!" ni nzuri. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Kama hakuna kabisa, fuata mpangilio huu.

Tafuta waya mweusi wenye mstari mweupe unaokwenda kwenye swichi ya funguo. Swichi huzima injini kwa kuuunganisha waya huo na bodi, yaani chuma cha pikipiki. Swichi ikiota kutu ndani, au panya akiwa ametafuna waya hadi ukagusa chuma, injini inakuwa imezimwa muda wote hata ukiwasha funguo. Chomoa tawi la swichi peke yake, tawi linalokwenda kwenye koili ya plagi libaki, kisha ujaribu tena. Moto ukirudi, mgonjwa ni swichi au waya wake. Kumbuka kwamba ukiuacha hivyo funguo haitazima injini. Utaizima kwa kugusisha waya ule unaotoka injini kwenye bodi.

Moto usiporudi, fungua kifuniko cha kushoto. Platini zinaonekana kupitia madirisha ya gurudumu la sumaku, huna haja ya kuling'oa. Zikikaa miaka bila kazi huota utando mwembamba usiopitisha umeme, na hili ndilo kosa la kwanza kwenye pikipiki zilizolala. Pitisha msasa katikati mara chache, kisha kipande cha karatasi safi kilicholowa petroli, kisha kikavu. Chembe ya msasa au tone la oili likibaki, umefanya kazi bure.

Zungusha gurudumu kinyume cha saa hadi platini zifunguke kabisa, upime nafasi: milimita 0.3 hadi 0.4. Halafu hakikisha zinaanza kufunguka pale alama ya F ya kwenye gurudumu inapolingana na alama ya kwenye injini. Wengi hapa hudanganywa na mita: koili ya sumaku ina omu chache mno, kwa hiyo mita huonyesha platini zimegusana hata zikiwa wazi. Tenganisha waya wa koili kabla ya kupima.

Platini zikiruka cheche kali zenyewe huku plagi ikiwa hoi, badilisha kondensa (kikopo kidogo kinachozuia cheche kwenye platini). Kondensa mbovu pia huiacha injini iwake ikiwa baridi, izime ikipata joto, kisha ikubali tena baada ya kupoa. Ukilazimika kung'oa gurudumu, tumia pula yake, yaani kifaa cha kulivuta. Nyundo huharibu nyuzi za ekseli na kudhoofisha sumaku.

Hatua ya 3: Petroli

Mwaga yote ya zamani. Ikinuka kama vanishi, ujue kabureta imeziba. Tangi lenye kutu lijaze siki nyeupe kwa siku moja au mbili, suuza kwa maji yenye magadi, likaushe kabisa siku hiyo hiyo. Angalia pia tundu dogo la hewa kwenye kifuniko. Likiziba, injini hukimbia dakika chache kisha hufa kwa kukosa petroli.

Kwenye C70 nyingi za zamani koki imeungana na kabureta, na mipira miwili hushuka kutoka tangini: wa kawaida na wa akiba. Weka alama kabla ya kuichomoa. Chini ya koki kuna kikombe chenye chujio. Raba yake ikikauka hunywea na kuvujisha, kwa hiyo weka mpya.

Kabureta ifunguliwe yote. Skrubu ya hewa ikaze kwanza huku ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uitoe. Jeti ndogo ya sailensa (ya injini ikiunguruma bila kuvuta mafuta) ndiyo huziba. Izibue kwa uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme. Sindano ya chuma hupanua tundu. Tikisa floti (boya la kabureta) sikioni: ukisikia petroli ndani, imetoboka.

Hatua ya 4: Kuwasha

Funga choki (kilango cha hewa cha kabureta), piga kiki mara tano, kisha tazama plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikilowa na moto upo, kabureta inafurisha, kagua sindano ya floti. Injini ikiwaka lakini mlio wake ukawa unapanda na kushuka wenyewe, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na injini. Mlio ukibadilika, hewa inapenya kwenye oringi, raba ya duara ya maungio hayo.

Taa ziache zimezimwa hadi uweke betri nzima ya volti 6. Bila betri ya kunywa umeme wa ziada, ukivuta mafuta tu balbu zinaungua.