Skripti inapakia ukiiendesha kwa mkono, usiku haipakii: namna ya kutafuta kosa

Hapa Lubumbashi, nakala za usiku zisipofika kwenye hifadhi ya wingu, intaneti ndiyo hulaumiwa kwanza. Kama skripti ilipakia vizuri mchana ulipoiandika kwenye terminali, iache intaneti kwanza, uanzie hapa.

1. Je, cron (programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba) iliiita?
Kwenye Ubuntu au Debian andika `journalctl -u cron`. Ukiona mstari wenye jina la skripti yako, ruka hadi hatua ya 3.

2. Saa na umeme
Seva nyingi za kukodi hufuata UTC (saa ya kimataifa), nasi tuko mbele kwa saa mbili. Ukiandika `0 2 * * *` kwenye crontab (faili la ratiba ya cron) ukitaka saa nane usiku, kazi itaanza saa kumi alfajiri. Ukiwa umechagua saa za Kinshasa, itaanza saa tisa. Rekebisha:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`

Kisha anzisha cron upya. Umeme ukiwa umekatika wakati ule, cron hailipi kazi iliyopita. Kwa mashine ya ofisini napendelea kipima-saa cha systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) chenye `Persistent=true`: mashine ikiwaka, kazi iliyokosa huendeshwa. Angalia pia kama saa ya mashine ni sahihi, maana S3, hifadhi ya wingu ya Amazon, hukataa maombi yenye saa iliyopishana na ya kwake kwa zaidi ya dakika 15.

3. Mazingira ya cron
Makosa mengi hukaa hapa. Cron haisomi `.bashrc` yako, na kwa kawaida hutafuta programu ndani ya `/usr/bin` na `/bin` tu. Rclone (programu ya kupakia faili kwenye hifadhi ya wingu) iliyo `/usr/local/bin` haitaonekana. Tena, ukiiweka kazi kwenye crontab ya root (mtumiaji mkuu wa mashine), rclone itatafuta mipangilio kwa root, wakati wewe uliihifadhi kwako. Basi andika njia nzima, bila kufupisha (hapa `duka` ni jina la mtumiaji, `wingu` ni jina ulilolipa hifadhi yako ndani ya rclone):

`/usr/local/bin/rclone copy /home/duka/nakala wingu:nakala --config /home/duka/.config/rclone/rclone.conf`

Halafu ijaribu skripti katika mazingira matupu kama ya cron:

`env -i HOME=/home/duka PATH=/usr/bin:/bin /home/duka/pakia.sh`

Ikianguka, umelipata kosa bila kungoja usiku. Alama ya `%` ndani ya crontab hugeuka kuwa mstari mpya, kwa hiyo `date +%F` iweke ndani ya skripti.

4. Kumbukumbu na kufuli
Andika hivi kwenye crontab, ili ujumbe wa skripti na makosa yake yaingie `pakia.log`:

`0 2 * * * flock -n /tmp/pakia.lock /home/duka/pakia.sh >> /home/duka/pakia.log 2>&1`

Mtandao ukiwa mzito, `flock` huzuia kazi mpya kuanza ile ya jana ikiwa bado inapakia.

5. Kagua kilichofika

`rclone check /home/duka/nakala wingu:nakala --one-way`

Hii inalinganisha faili tu. Kama hifadhidata ilishindwa kutoa nakala, faili la baiti 0 litapakiwa bila lalamiko lolote. Weka `set -euo pipefail` juu ya skripti ya bash ili isimame kabla ya kupakia, kisha shusha faili moja, ulifungue na usome maingizo ya jana.