Jinsi ya Kuuza Gari la Kale la Kiswidi Kutoka Makumbusho Binafsi: Umiliki, Rejista na Forodha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuuza gari la kihistoria, mathalani Volvo PV544, Volvo Amazon au Saab 96, kutoka katika makumbusho madogo ya binafsi nchini Uswidi. Kumpata mnunuzi si kazi kubwa, kwa kuwa magari haya yana wapenzi wengi na bei mara nyingi huafikiwa kwa simu. Kinachokula muda na fedha ni kuthibitisha kwamba anayeuza ana haki ya kuuza. Hivi karibuni nilizisaidia pande mbili za familia iliyorithi makumbusho ya namna hiyo, na shughuli nzima ilikwama kwa sababu gari lililokuwa limesimama ukumbini kwa miaka mingi chini ya kibao cha makumbusho lilikuwa, kwenye rejista ya taifa, bado lina jina la mwanzilishi ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Ndiyo maana suala la umiliki limepewa nafasi kubwa kuliko mengine hapa.

Mmiliki ni nani kisheria

Kabla ya kupiga picha hata moja, tafuta taarifa za gari katika rejista ya Transportstyrelsen, mamlaka ya usafirishaji, kwa kutumia namba ya usajili. Jina utakalolikuta humo ndilo litakaloamua nyaraka unazohitaji, hata kama kila mtu kijijini anaamini kwamba gari ni la makumbusho.

Ikiwa mmiliki ni kampuni, utahitaji cheti kutoka Bolagsverket, ofisi ya usajili wa makampuni, kinachoonyesha ni nani wenye mamlaka ya kutia saini kwa niaba yake, na kama ni mmoja peke yake au wawili kwa pamoja. Ikiwa ni chama cha hiari, andaa katiba ya chama pamoja na muhtasari wa kikao kilichowachagua viongozi waliopo sasa. Muhtasari wa miaka kadhaa iliyopita, wenye jina la mwekahazina aliyekwisha kujiuzulu, hautakusaidia.

Wakfu ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Chini ya Sheria ya Wakfu ya mwaka 1994, mali ya wakfu inatumika kwa lengo lililoandikwa na mwanzilishi wake, na bodi haina uhuru wa kulibadilisha lengo hilo kwa kupiga kura. Iwapo hati ya mwanzilishi inasema kwamba magari yatunzwe pamoja na kuonyeshwa kwa umma, kuuza hata moja kunaweza kuwa kinyume cha hati hiyo, na bodi italazimika kuomba idhini ya Kammarkollegiet, mamlaka ya serikali inayoamua maombi ya namna hiyo, ya kubadilisha masharti kabla ya kumwahidi mnunuzi chochote. Soma hati hiyo neno kwa neno. Nawasihi wanabodi wasiishie kwenye muhtasari uliowekwa ndani ya ripoti ya mwaka, kwa sababu muhtasari huo mara nyingi huacha sentensi ile inayowafunga.

Kuna pia magari yaliyowekwa kwa amana. Makumbusho madogo hujengwa kwa urafiki: jirani analeta gari lake lionyeshwe, wanapeana mkono, miaka inapita, na watoto wa pande zote mbili wanakua wakiamini kwamba gari ni sehemu ya mkusanyiko. Tafuta mkataba wa amana au barua ya zawadi. Pasipokuwa na hati yoyote, zungumza na familia ya aliyelileta na mwandikiane makubaliano kabla ya tangazo kutoka.

Mmiliki akiwa amefariki

Gari la marehemu ni mali ya mirathi, na mirathi huuza kwa kauli ya warithi wote walio na haki, si kwa kauli ya yule anayeshika funguo za ukumbi. Hati ya msingi ni orodha rasmi ya mirathi, inayoitwa bouppteckning, ambayo kwa kawaida inapaswa kuandaliwa ndani ya miezi 3 baada ya kifo na kuwasilishwa Skatteverket, mamlaka ya kodi, ndani ya mwezi 1 baada ya kuandaliwa. Nakala iliyokwisha kusajiliwa ndiyo inayoonyesha warithi ni akina nani. Hakikisha gari limetajwa humo. Magari ya makumbusho huandikwa kwa jumla, kama “vitu vya maonyesho”, na maneno hayo hayamtoshi mnunuzi anayekaribia kulipa fedha nyingi.

Kisha kusanya saini. Kila mrithi ama atie saini mwenyewe, ama ampe mwenzake hati ya uwakilishi inayolitaja gari kwa namba ya usajili na namba ya chasisi. Katika kisa nilichokishughulikia, mrithi mmoja aliishi nje ya nchi na alituma nakala ya hati yake kwa barua pepe, jambo ambalo nyumba ya mnada ililikataa ikidai karatasi yenye saini halisi na mashahidi. Wakati karatasi hiyo ikisafiri kwa posta, nafasi iliyokuwa imelipiwa kwenye meli ilipotea, msafirishaji hakurudisha malipo ya awali, na kodi ya ghala iliendelea kuhesabiwa. Hasara ile ingeepukika iwapo nyumba ya mnada ingetoa masharti yake yote kwa maandishi mwanzoni. Basi dai orodha hiyo kabla ya kulipia usafiri wa aina yoyote.

Warithi wasipoelewana, yeyote kati yao anaweza kuiomba mahakama ya wilaya imteue msimamizi wa mirathi mwenye mamlaka ya kuuza. Njia hiyo ina gharama, lakini ni salama kuliko mauzo yanayopingwa gari likiwa limeshavuka mpaka.

Gari liko katika hali gani kwenye rejista

Rejista ya Uswidi inatofautisha gari lililositishwa kutumika barabarani, yaani avställd, na lililofutwa kabisa, yaani avregistrerad. La kwanza bado lina mmiliki anayetambuliwa, halidaiwi kodi ya gari wala bima ya lazima wakati limesitishwa, na umiliki wake huhamishwa kwa utaratibu wa kawaida. La pili halina umiliki wa kuhamishwa katika rejista. Linauzwa kwa mkataba na ushahidi peke yake, na mnunuzi anayetaka kulirudisha barabarani atakabiliana na maombi mapya ya usajili na ukaguzi unaoendana nayo. Tofauti hii hugusa bei moja kwa moja, kwa hiyo itaje waziwazi katika tangazo.

Magari yaliyoacha kutumika kabla ya mfumo wa namba za usajili wa herufi tatu na tarakimu tatu kuanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 yana historia yake mahali pengine. Enzi hizo kila mkoa ulikuwa na herufi yake: A ilikuwa ya jiji la Stockholm, O ya mkoa wa Göteborg na Bohus, P ya mkoa wa Älvsborg ambako Trollhättan, mji wa Saab, ulikuwamo. Rejista za magari za mikoa hiyo zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa, na ukiwa na namba ya zamani unaweza kuomba nakala ya ukurasa unaoonyesha wamiliki waliofuatana. Ni huduma yenye thamani kubwa sana kwa muuzaji wa gari la makumbusho, na nasikitika kuona watu wakiuza bila kuitumia, kwa kuwa ukurasa huo mmoja unaweza kuunganisha umiliki uliokatika kwa miongo kadhaa.

Kuhusu ukaguzi wa mara kwa mara, gari lenye umri wa miaka 50 au zaidi limesamehewa nchini Uswidi. Msamaha huo haumfanyi mnunuzi asiulize hali ya breki na sakafu, kwa hiyo andika kwa uaminifu gari liliendeshwa lini mara ya mwisho.

Kulitambulisha gari lenyewe

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye gari na ile iliyo kwenye nyaraka, herufi kwa herufi, kisha angalia injini. PV nyingi zilizotoka kiwandani na injini ya B16 zimewekewa B18 iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na si ajabu kukuta Saab ya zamani ya injini ya mipigo miwili ikiwa na V4 iliyoanza kutumika kwenye modeli za mwaka 1967. Badiliko la namna hiyo si dosari ya kufichwa. Ni taarifa ambayo mnunuzi, na baadaye forodha ya nchi yake, wana haki ya kuipata.

Kwa gari lenye thamani kubwa, fikiria kuomba kadi ya utambulisho ya FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, ambayo nchini Uswidi hushughulikiwa kupitia Motorhistoriska Riksförbundet, shirikisho la vilabu vya magari ya kale. Kadi hiyo haithibitishi umiliki, bali inaeleza gari ni la aina gani na limebadilishwa kwa kiasi gani.

Madai ya historia ya mashindano yanahitaji ushahidi wake. PV544 ina heshima ya pekee kwetu Afrika Mashariki kwa sababu ndilo gari ambalo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walilishindia Safari Rally ya mwaka 1965, na kila muuzaji angependa gari lake liguswe na sifa ya aina hiyo. Pasipo picha za wakati ule, vitabu vya matokeo au risiti za karakana, acha dai hilo nje ya tangazo.

Kumchagua mnunuzi, na kodi

Waulize kwanza vilabu na makumbusho ya eneo lenyewe. Baada ya Saab Automobile kufilisika Desemba 2011, mkusanyiko wa makumbusho yake ya Trollhättan uliwekwa sokoni, na mwaka 2012 mji huo ukaungana na Saab AB, kampuni ya ndege na zana za ulinzi iliyo tofauti na ile iliyofilisika, na wakfu mmoja wa ukoo wa Wallenberg kuununua, magari yakabaki pale pale. Hata gari moja linastahili nafasi kama hiyo.

Kwa upande wa kodi, mtu binafsi anayeuza gari alilokuwa nalo kwa matumizi yake mwenyewe husamehewa hadi kronor 50,000 (fedha za Uswidi) za faida kwa mwaka kabla ya kutozwa, na anaweza kuhesabu gharama ya ununuzi kuwa asilimia 25 ya bei ya kuuzia ikiwa risiti hazipo. Gari lililonunuliwa kama uwekezaji, au lililo mali ya kampuni, lina kanuni nyingine, kwa hiyo mhusishe mhasibu kabla ya kutaja bei.

Mnunuzi akiwa nje ya Uswidi

Norwei ni jirani lakini haimo katika Umoja wa Ulaya, na Uingereza imeshatoka. Gari linalokwenda huko linahitaji tamko la kusafirisha bidhaa nje kwa Tullverket, mamlaka ya forodha. Zaidi ya hapo, Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 116 ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutoa mali ya kitamaduni kwa chombo cha usafiri chenye umri wa zaidi ya miaka 75 na thamani inayofikia euro 50,000. Masharti yote mawili lazima yatimie. Zamani kanuni hii iligusa hasa magari kama Volvo ÖV4 ya mwaka 1927, lakini umri unasogea kila mwaka: Volvo PV444 za mwishoni mwa miaka ya 1940 zimeshavuka mstari, na Saab 92 za kwanza, zilizoanza kutengenezwa Desemba 1949, nazo zimeufikia. Kibali huombwa gari likiwa bado nchini.

Mwarifu pia Transportstyrelsen kwamba gari linasafirishwa nje ili lifutwe kwenye rejista. Katika nchi nyingi mnunuzi atataka liingizwe chini ya kifungu cha forodha cha 9705, cha vitu vya mkusanyaji, na hapo ndipo maelezo yako kuhusu injini na mabadiliko yatakapohitajika tena.

Siku ya kukabidhi

Fedha ziingie kwenye akaunti kwanza, kisha saini, kisha funguo. Uhamisho wa umiliki unaweza kufanyika kwa mtandao, lakini mnunuzi asiye na utambulisho wa kielektroniki wa Uswidi hataweza kuuidhinisha humo, na hivyo mtatumia cheti halisi cha usajili chenye saini za pande zote mbili. Wewe muuzaji ndiwe uiweke bahasha yenye cheti hicho posta kwenda Örebro, kwenye ofisi ya rejista ya Transportstyrelsen, hata mnunuzi akijitolea kuipeleka. Sheria inampa mnunuzi siku 10 kutoa taarifa, lakini mpaka rejista ibadilike, madai ya kodi na ada za gari yanaendelea kuja kwa jina lililomo.

Piga picha ya cheti kabla ya kukifunga, acha nakala ya faili zima la gari katika kumbukumbu za makumbusho, na mpe mnunuzi faili halisi pamoja na namba za zamani za mkoa kama zipo. Bima isisitishwe kabla ya gari kuondoka ukumbini. Baada ya hapo tafuta tena namba ya usajili kwenye rejista, na jina la mwanzilishi likiwa bado limo, piga simu Transportstyrelsen siku hiyo hiyo ukiwa na nakala ya cheti mkononi.