Kruza ya watu wawili: jinsi ya kuichagua ukianzia siti ya nyuma

Kruza ni ile pikipiki ndefu, ya chini, yenye usukani uliorudi nyuma na miguu ya dereva imenyooka mbele. Ukiiona imeegeshwa unaitamani. Nimekuwa fundi wa pikipiki Ilala kwa miaka 14, na kazi inayoniletea wenye kruza kuliko zote ni siti ya nyuma, wala si injini. Mtu amenunua, amempakia mkewe mara mbili, mara ya tatu mke kasema nenda peke yako.

Yalinikuta na mimi. Kruza yangu ya kwanza ilikuwa mtumba wa Japani, siti ya nyuma haizidi ukubwa wa boflo. Tuliondoka Dar kwenda Morogoro kumsalimia mama mkwe. Tulipofika Chalinze, kilomita 100 na kitu, mke wangu alishuka akasimama dakika nzima ameshika nyonga, goti halinyooki. Safari akaimalizia kwenye basi. Kabla ya kuinunua ile pikipiki sikuwa nimemuuliza hata swali moja, na jambo hilo liliniuma kuliko fedha niliyotoa.

Tangu hapo kila mteja namwambia: kruza ya watu wawili huchaguliwa na anayekaa nyuma. Wewe wa mbele una usukani wa kushika na unaona tuta linakuja. Yeye ana siti, vikanyagio na kiuno chako, basi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito ukiwa bado nyumbani

Kila pikipiki ina uzito wa juu inaoruhusiwa kubeba. Umeandikwa kwenye kitabu chake, na nyingine zina stika kwenye fremu. Uzito huo unajumlisha dereva, abiria, mizigo na kila utakachokifunga baadaye. Tuseme wewe una kilo 85, mwenzako 70, begi 15. Hiyo ni 170. Kama kiwango ni 180, umebakiwa na kilo 10, na chuma cha kuegemea pamoja na masanduku ya pembeni vitazimaliza.

Zipo kruza ambazo kiwandani zilikusudiwa mtu mmoja. Harley-Davidson Forty-Eight, kwa mfano, ilitoka na siti ya dereva tu. Unaweza kuifungia siti ya pili, lakini kama nia yako tangu mwanzo ni kusafiri wawili, iache.

Hatua ya 2: Nenda na abiria wako, akae dakika 15

Avae atakavyosafiri: viatu vilevile, suruali ileile, na begi la mgongoni kama huwa analibeba. Wewe panda kwanza, isimamishe wima kwa miguu, kisha yeye apande. Kaeni dakika 15 kwa saa. Muuzaji akikuangalia vibaya, mvumilie. Dakika tano za kwanza kila siti ni nzuri. Baada ya kumi ndipo mwili unaanza kusema.

Mtu wa tatu asimame pembeni aangalie goti la abiria. Goti likiwa juu kuliko nyonga, mapaja yananyanyuka na hayabebi kitu, kwa hiyo uzito wote unaangukia mifupa miwili ya makalio. Ganzi inaanzia hapo. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka juu ya siti hadi kwenye kikanyagio. Mke wangu ana urefu wa sentimita 163. Kwenye ile kruza ya Chalinze kipimo kilikuwa sentimita 38, na hii tuliyo nayo sasa ni 46. Tofauti ni sentimita nane tu, lakini sasa anakaa saa mbili bila kuomba tusimame.

Wateja hushangaa nikiwaambia kwamba Boxer ya bodaboda inamkalisha abiria vizuri kuliko kruza nyingi. Siti ni ndefu na bapa, vikanyagio viko chini vya kutosha, na shokapu zake zimetengenezwa kwa kazi ya kubeba mtu na mzigo. Ukitaka kujua mwili wa mwenzako unapenda nini, mpandishe Boxer kwanza, chukua vipimo, halafu nenda navyo kwenye kruza.

Vikanyagio vikiwa juu mno kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kuvishusha kwa kibati maalumu kinachofungwa kwenye fremu. Ya pili ni kuinua siti kwa sentimita tatu hivi. Ya pili ni rahisi, ila inamweka abiria juu zaidi kwenye upepo.

Hatua ya 3: Ichunguze siti kwa mkono, futi na chupa ya maji

Bonyeza siti ya nyuma kwa kiganja, egemea kwa uzito wako. Ukihisi plastiki ya chini, sponji imekufa au tangu mwanzo ni laini mno. Siti laini humpendeza mtu dukani, lakini baada ya nusu saa anakuwa amekalia plastiki.

Pima upana pale makalio yanapokaa. Chini ya sentimita 25 mimi sishauri kwa safari ya zaidi ya saa moja, hata kwa mtu mwembamba.

Sasa laza chupa ya maji juu ya siti ya abiria, pikipiki ikiwa wima. Ikibingirika kurudi nyuma, mwenzako atakuwa anateleza kila ukiongeza mafuta, na mikono yake itachoka kwa kukushika. Ikibingirika mbele kwa kasi, kila ukifunga breki atakuangukia mgongoni. Siti nzuri inaishika chupa, au inaiachia polepole.

Angalia na mshono. Mshono unaopita katikati, chini ya paja, unauma na unaingiza maji ya mvua. Sponji ikishalowa hukaa na maji siku kadhaa.

Siti mbovu isikukatishe tamaa kama mengine yote ni mazuri, maana hiki ndicho kitu rahisi kurekebisha. Mwambie fundi wa siti aweke sponji ngumu ya vipande vilivyogandishwa sentimita nne chini, na laini sentimita mbili juu yake. Kabla hajashona ngozi, abiria wako akalie sponji tupu na aseme panapomsumbua, papunguzwe au paongezewe. Mafundi wengi watataka kushona kwanza. Usikubali.

Hatua ya 4: Ekzosi, mguu na nguo

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu nimeona makovu mengi mno kwenye kigimbi cha mguu wa kulia. Kruza nyingi zina ekzosi ndefu upande wa kulia. Yamaha Drag Star 400 inazo mbili, moja juu ya nyingine. Washa injini iache ingurume dakika kumi, kisha abiria apande taratibu na aweke mguu kwenye kikanyagio bila kuubana. Kisigino kiko wapi? Soli ikigusa bomba itayeyuka. Na akishuka kwa kulia, kigimbi kitapita wapi? Mfundishe kupanda na kushukia kushoto kila siku, mpaka izoeleke.

Kwa akina mama, na niseme wazi: kukaa upande kwenye kruza hapana. Siti ni fupi, mguu mmoja hauna pa kukanyaga, na pikipiki yenyewe ni nzito kuirudisha ikishaanza kulala. Dera, kanga na mtandio ni hatari ya kweli, kwa sababu kruza ni ya chini na gurudumu liko karibu na nguo. Suruali ivaliwe ndani, dera likunjwe likaliwe, ncha ya mtandio iingizwe ndani ya koti. Drag Star 400 haina cheni, inaendeshwa kwa shafti (chuma kirefu kinachozunguka), hivyo nguo haikutani na sproketi, yaani meno ya cheni, lakini spoku bado zipo.

Hatua ya 5: Shokapu za nyuma

Umbo la kruza linataka siti iwe chini, na siti ikishuka nafasi ya shokapu kucheza inapungua. Ndiyo maana tuta ambalo Boxer inalipita kimyakimya, kruza inalipeleka moja kwa moja kwenye mgongo wa abiria. Nyingine ukiziangalia utadhani hazina shokapu kabisa. Ile Drag Star imeificha chini ya siti.

Kinachopimwa ni hiki. Watu wawili wainyanyue pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka nati ya ekseli hadi alama moja kwenye madigadi, wima. Ishusheni, mpande wote wawili na mizigo yenu, mtu wa tatu apime tena palepale. Shokapu izame karibu theluthi moja ya nafasi yake yote. Kama nafasi ni milimita 80, kuzama kwa milimita 25 hadi 30 ni sawa. Ikizama 50, kwenye rasta za kwanza tu (vile vituta vidogo vinavyofuatana) itakuwa inagonga mwisho.

Ikizama sana, kaza springi kwa spana yake yenye umbo la mundu. Royal Enfield Meteor 350 ina shokapu mbili za nyuma zenye ngazi sita za kukaza, na ziko wazi nje, unafika bila kufungua kitu. Ukikaza hadi mwisho na bado inazama, springi haiwawezi. Hapo ni kubadilisha springi au kubadilisha chaguo.

Mkiwa bado mmepanda, aangalie chini: fremu na ekzosi zimebaki na nafasi gani kutoka ardhini? Matuta ya vijijini hayana kipimo kimoja, na kruza yenye watu wawili hukwangua tumbo.

Hatua ya 6: Kiegemeo

Abiria mwenye kiegemeo analegeza mikono, anapumzisha kiuno, na haogopi ukiongeza mwendo. Bajaj Avenger 220 Cruise ina kiegemeo cha kiwandani pamoja na kioo cha upepo; Meteor 350 toleo la Supernova nayo vilevile. Kama unafunga cha kununua pembeni, bolti zishike kwenye fremu au kwenye chuma kinene kinachobeba madigadi. Kikishikwa na bati tupu, siku moja bati litapasuka na mtu ameegemea. Kimo chake kifike juu ya kiuno; kifupi kuliko hapo kinachoma mgongo.

Hatua ya 7: Jaribu barabarani, wawili

Omba angalau nusu saa. Kabla ya kuondoka jaza upepo wa tairi kwa kipimo cha kitabu cha watu wawili, ambacho kwa kawaida ni cha juu kuliko cha mmoja, hasa nyuma. Pita kwenye matuta, pita kwenye rasta, geuza barabara nyembamba, simama kwenye mlima. Kisha tafuta lami ndefu mwende kilomita 80 kwa saa kwa dakika kumi mfululizo. Mtetemo wa injini unajitokeza hapo: dereva anausikia mikononi, abiria anausikia kwenye nyayo. Meteor ina shafti ya kusawazisha ndani ya injini, inayopunguza mtetemo, na tofauti yake na zile Royal Enfield za zamani za silinda moja utaihisi bila kuambiwa.

Kubalianeni ishara kabla: akigonga bega mara moja punguza, mara mbili simama. Kioo cha upepo nacho mwulize yeye. Kinachokukinga wewe huweza kuusukuma upepo moja kwa moja kwenye helmeti yake kwa sababu amekaa juu zaidi.

Mkirudi, mshushe kwanza, usimuulize kama ameipenda. Muulize panapouma. Jibu likiwa "magoti", rudi hatua ya 2. "Makalio" ni hatua ya 3, na hilo lina dawa. "Mgongo, kila tuta", basi rudi hatua ya 5, na kama springi ilishakazwa mpaka mwisho, mshukuru muuzaji muondoke.

Mkikubaliana, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, ndipo utoe fedha. Siku ya kwanza nyumbani tia alama ya rangi kwenye ngazi ya springi ya watu wawili, ili usibahatishe kila safari. Baada ya kilomita 500 kaza upya bolti zote za kiegemeo na vikanyagio vya nyuma.