Kulala kwa anayeamka saa tisa na nusu usiku

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu hapa Dar es Salaam. Wagonjwa wa figo wa kwanza wanaunganishwa saa kumi na mbili asubuhi, na kabla yao kuna kazi: kupima klorini kwenye maji ya mashine isizidi miligramu 0.1 kwa lita, kuacha mashine zijipime, kupitisha maji ya chumvi kwenye vichujio na mipira. Kwa anayetoka Chamazi, maana yake ni kuamka saa tisa na nusu usiku. Wenzangu wapya wakiniuliza nalalaje, nawaambia usingizi huu unaandaliwa kuanzia asubuhi, bado uko kazini.

Saa ya mwili inafuata mwanga. Wagonjwa wakishatulia na presha zao zikiwa sawa, tunapokezana kutoka nje dakika kumi jua likishachomoza. Kahawa au chai ya rangi, mwisho saa tano asubuhi. Kafeini inachukua masaa matano hivi kupungua nusu tu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa tisa alasiri bado unacho unapopanda kitandani saa mbili na nusu usiku. Ukirudi nyumbani jilaze dakika ishirini, kwa alamu, kabla ya saa kumi jioni. Ukipitiliza saa nzima utaamka na kichwa kizito, na usiku utabaki kuhesabu mabati.

Chakula cha jioni kiwe saa kumi na mbili, na sare ipigwe pasi muda huohuo, maana umeme hauna adabu. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, giza liko upande wetu. Tunaliharibu wenyewe kwa taa nyeupe ya sebuleni na grupu la WhatsApp la kubadilishana zamu. Simu yangu inalala juu ya kabati, mbali na mkono.

Sasa joto. Mwili unashusha joto lake ndipo usingizi ushike, na Dar ya Januari haikubali hilo. Naoga saa mbili kasoro kwa maji ya bomba tu, najifuta kidogo, naacha ngozi ikauke yenyewe. Neti naichomekea chini ya godoro mapema, mbu wasije wakaingia pamoja nami. Tatizo la neti ni kwamba inakata upepo, kwa hiyo feni ya darini kwangu ni pambo. Naweka ya kusimama usawa wa kitanda, karibu na miguu, na ndogo ya kuchaji iko chini ya kitanda kwa ajili ya TANESCO. Kigodoro, ile ngoma ya usiku ya mtaani, kikipigwa mtaa wa pili, vizibo vya sponji vinazuia kelele za watu, besi inapita palepale. Siku hiyo nahamia chumba cha watoto, kiko nyuma.

Kama umezoea kulala saa nne, usijilazimishe saa mbili kwa mkupuo. Masaa machache kabla ya muda wako wa kawaida ndipo mwili unapokuwa macho zaidi, utagaragara bure. Rudisha nyuma robo saa kila baada ya siku mbili tatu, na siku ya ofu usichelewe kuamka zaidi ya dakika tisini kupita muda unaoamka siku za kazi. Wanaolala ofu nzima ndio wanaoteseka siku ya kurudi. Ramadhani ni rahisi upande wa daku, tarawehe ndiyo inakula usingizi; hapo ule wa mchana naurefusha.

Piritoni ya kujilazia naikataa kabisa. Inakulaza, kweli, lakini inakufuata hadi alfajiri, na alfajiri ndiyo unapima heparini: ikizidi mgonjwa anavuja damu, ikipungua damu inaganda kwenye kichujio. Karibu na saa kumi alfajiri joto la mwili liko chini na akili nzito hata kwa aliyelala vizuri, ndiyo maana dozi tunasomeana kwa sauti, watu wawili. Na anayekoroma sana na kuamka amechoka kila siku, aende kwa daktari.

Kinachobaki ni ratiba. Ukipangwa jioni leo na alfajiri kesho, utafika nyumbani saa nne usiku, saa tisa na nusu uko macho, na hakuna feni wala kuoga kutakakoziba pengo hilo. Nenda kwa sista inchaji kabla ratiba haijabandikwa, uandike kwenye daftari la maombi: alfajiri zangu ziungane, na siku ya kabla yake nitoke mchana. Wengi wanakubali, kwa sababu na wao walizipiga zamu hizohizo.