Kurekodi kinanda kwa stereo kwenye rekoda ya treki nyingi

Kinanda kikirekodiwa kwa waya mmoja hupoteza upana wake, na upana huo haurudi hata ukiongeza mwangwi baadaye. Uingize tangu mwanzo, kwa nyaya mbili na treki mbili (njia mbili za kurekodia), moja ya kushoto na moja ya kulia; hiyo ndiyo stereo. Ukirekodi kwa waya, hata upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba au mvua ya Januari juu ya bati haiingii kwenye sauti ya kinanda. Maikrofoni waachie waimbaji.

Andaa nyaya mbili za jeki kubwa (milimita 6.35) za mita 3, hedifoni, kadi ya SD na betri mpya. Rekoda ndogo kama Zoom R8 inatosha: hurekodi treki 2 kwa mpigo na kucheza 8.

Hatua ya 1. Zima vifaa vyote, punguza sauti zote. Chomeka waya mmoja kwenye tundu la L/MONO la kinanda hadi ingizo la 1, wa pili kutoka R hadi ingizo la 2. Ukichomeka L/MONO peke yake, kinanda chenyewe huchanganya pande zote mbili kuwa moja.

Vinanda vingi vidogo vina tundu la hedifoni tu. Hapo tumia waya wa Y: jeki moja ya stereo, upande wa pili jeki mbili za mono. Usichomeke jeki ya stereo moja kwa moja kwenye ingizo moja la rekoda. Kwenye rekoda nyingi ingizo hilo ni la aina iitwayo balanced, na huchukua tofauti kati ya kushoto na kulia, kwa hiyo kilicho sawa pande zote, hasa besi, hufutika. Utasikia sauti nyembamba, ya mbali, na utadhani kinanda kimeharibika.

Hatua ya 2. Zima umeme wa maikrofoni wa volti 48 na swichi ya gitaa ya Hi-Z. Chagua WAV, biti 24, kHz 44.1. Dakika moja ya stereo hula takriban MB 16, wimbo wa dakika 5 kama MB 80.

Hatua ya 3. Unganisha treki 1 na 2 kwa stereo link, yaani zifanye kazi kama jozi ya kushoto na kulia. Kama rekoda yako haina, zungusha PAN (kidhibiti cha kupeleka sauti kushoto au kulia) ya 1 kushoto kabisa na ya 2 kulia kabisa. Ukikosea PAN hujaharibu rekodi, kwani kila upande una treki yake.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi huharibu. Weka sauti ya kinanda robo tatu na usiiguse tena. Chagua sauti kali kuliko zote utakazotumia, tarumbeta kwa mfano, piga kwa nguvu kama kwenye kiitikio, kisha panda na geini (kidhibiti cha nguvu ya sauti inayoingia kwenye rekoda) hadi vilele kwenye mita ya rekoda vifike kama dB -12, visivuke -6. Ukipita 0 sauti hukwaruza, na mkwaruzo hautibiki. Kinanda kikiwa chini mno, geini itapandisha mvumo pamoja na muziki.

Mlio wa “mmm” usipokoma, chomeka kinanda na rekoda kwenye extension moja. Mlio ukiendelea, endesha rekoda kwa betri. Betri hukuokoa pia umeme ukikatika kabla hujabonyeza STOP, maana faili huweza kupotea.

Hatua ya 5. Vaa hedifoni, chagua piano, piga noti za chini kabisa kisha za juu kabisa. Kwenye piano nyingi za stereo, besi huelemea kushoto na noti nyembamba kulia. Zikija kinyume, umebadilisha nyaya. Zikikaa zote katikati, kagua PAN; zikija zote kushoto tu, kagua tundu la R.

Kama ala za asili kama ilimba au zeze zitaingia baadaye, linganisha tuni sasa. Kinanda hushuka au kupanda kwa TUNE kwenye menyu. Treki iliyokwisha kurekodiwa si rahisi kuirekebisha bila kuiharibu.

Hatua ya 6. Rekodi, kisha ondoa stereo link na sikiliza PAN zote zikiwa katikati, kama msikilizaji wa simu yenye spika moja. Piano ikisikika kama iko ndani ya pipa, rudia kwa piano ya mono; la sivyo, rudisha stereo link au PAN kama mwanzo.