Wiki ya kwanza na klase ya 7e: namna ya kufanya batoto bakuzoee

Bandugu balimu ba hapa Bukavu, zaidi benye prefe (mukubwa wa shule) amebapa utituleri (kuangalia klase moja mwaka muzima) wa 7e, ile klase yenye inafuata primeri, kwa mara ya kwanza, niko naomba kitu moja: wiki ya kwanza musiikimbize na programu. Mutoto wa 7e anatoka kwa mwalimu mumoja mwenye alimufundisha karibu kila kitu mwaka muzima, sasa kila kengele inaleta sura ingine ku mulango, huyu wa algebra, ule wa jeometri, mwingine wa Kifaransa, na hakuna hata mumoja anajua jina yake. Ni kweli sheria ya 2014 iliweka 7e na 8e ndani ya elimu ya musingi pamoja na primeri, lakini mutoto mwenyewe anasikia tu amehama. Kwa hiyo ukifika vendredi, kila mutoto akuwe ameisha kuitwa na wewe kwa jina yake, na akuwe ameisha kusema kitu mbele ya benzake bila kuchekwa. Hiyo mbili ukiipata, diskipline haitakusumbua sana.

Anza na liste. Uombe sekretere akupe mbele ya rentree, usome majina kwa sauti kule nyumbani, juu hapa kwetu mutoto iko na jina, postnom na prenom, na ile yenye imeandikwa mbele mara nyingi haiko yenye mama yake anamuita nayo. Mu klase ya batoto 55 utapata Bahati bane, Neema batatu, Mugisho babili. Usiseme Bahati wa 1 na Bahati wa 2, hiyo itabakia naye mupaka diplome. Muulize mwenyewe, "hapa tukuite nani?", uandike pembeni ya liste. Kama jina ni ya Kilega ao ya Kifuliru na wewe uko Mushi, muombe akufundishe kuitamka, urudilie mupaka aseme ndiyo ni hivyo. Mutoto anaikumbuka sana ile siku mwalimu alijipa taabu juu ya jina yake. Kisha kila mumoja akate karton ku jalada ya kaye ya zamani, aikunje, aandike jina kwa herufi kubwa, aweke mbele yake ku banki. Mwisho wa saa unakusanya, kesho unagawa wewe mwenyewe mukononi, si chef de klase, juu kugawa njo kunakufundisha sura. Ukikosea bataongea, bale batoto banapenda sana kusahihisha mwalimu, na wewe uwaache. Na ku liste utaona nani aliduble (alirudilia) mwaka: hiyo ubakie nayo wewe, usiitaje mu klase hata kwa kumutia moyo.

Siku ya kwanza, kisha bendera na wimbo wa taifa, usiingie mu somo mbio. Andika oreri (saa ya kila somo) ku tablo, waonyeshe kila kozi na profu wake, wapi babadilishe kaye, kengele ya rekre inalia namna gani, na uwaonyeshe choo iko wapi na mutu anaombaka ruhusa namna gani. Balimu bengi banaona hii ni kitu kidogo. Musichana wa miaka 12 mwenye hajui choo iko wapi na anaogopa kuuliza mbele ya bavulana hawezi kusikiliza hesabu yako, na kama shule iko na mama moja mwenye anasaidia basichana, kamupresente siku ile ile.

Sasa kuongea. Hapa njo klase nyingi zinaharibika, juu mutoto anasimama, anatafuta neno ya Kifaransa, anakosea, klase nzima inacheka, na kuanzia pale hutasikia tena sauti yake mupaka juni. Basi uwaweke babili babili, ukichanganya mwenye anatoka Kadutu na mwenye anatoka Nguba, mwenye alisoma hapa na mwenye alikuja juzi na familia yake juu ya vita. Uwape dakika kumi baongee mu Kiswahili, ao Mashi kama njo lugha banaelewana, kuhusu bitu byepesi: anapita njia gani kuja shule, nyumbani beko bangapi, anajua kufanya kazi gani muzuri. Kisha kila mumoja anasimama kupresente mwenzake, hapana yeye mwenyewe, kwa sentensi yenye umeandika ku tablo: "Mon voisin s'appelle..., il habite à..." Kusema juu ya mwingine kunapunguza haya, na sentensi iko pale mbele ya macho. Mutu akicheka, simama, nyamaza kidogo, sema kwa sauti ya chini kwamba mu hii klase hatucheke mutu mwenye anajaribu, na uendelee. Kucheka kwa mara ya kwanza njo kunaamua mwaka muzima, usikuache kupite ata kama saa imekuishia.

Kuhusu chef de klase, usimuchague lundi. Ungojea vendredi bachague bo wenyewe, mvulana mumoja na musichana mumoja. Na ile liste ya babavarderi (benye banaongea-ongea mu klase) yenye chef anaandikaka profu akitoka, mi nasema uikatae kabisa mu wiki ya kwanza. Mutoto anaandika adui yake, rafiki anamufuta, mwingine analipa andazi ili jina itoke, na klase inagawanyika mbele haijakuwa klase.

Kuna pia minervali. Tangu 2019 primeri ya leta (serikali) ni ya bure, kwa hiyo bazazi bengi banakutana na feza ya shule kwa mara ya kwanza pale ku 7e, na mutoto anaijua ile shida kuliko unavyofikiri. Usisome majina ya benye badeni mbele ya klase. Kama shule inabarudisha nyumbani, muite pembeni, umuambie kwa upole, na umupe mwenzake wa banki kazi ya kumuwekea note. Ni vile vile kwa mwenye hajapata iniformu, shati iko nyeupe ao haiko, mupe siku zake.

Septemba mvua imeanza, na ikipiga mabati hakuna mutu anasikia mutu. Iyo saa usipige kelele kushindana nayo. Waambie kila mumoja achukue karatasi, akuandikie barua: kitu gani profu anapashwa kujua juu yangu. Lugha yoyote, hakuna pointi, hakuna biki nyekundu. Uzisome zote nyumbani, hata zikikukulia usiku. Mumoja haone vizuri ku tablo, unamusogeza mbele. Mwingine anauza sambaza (samaki kidogo ya ziwa) na mama yake asubuhi, kwa hiyo anachelewa, na sasa unajua. Ukikuta ya kupigwa ao ya kuumizwa, ongea naye mahali batu banaona lakini habasikie, usimuahidi siri, na uende kwa prefe siku ile ile.

Wiki ya pili, chukua telefone, uite bazazi batano batano jioni, useme jambo moja muzuri lenye umeona kwa mutoto yabo. Bazazi banazoea kuitwa paka kwa makosa, kwa hiyo mama ataanza kwa kuuliza "amefanya nini tena, mwalimu?" Mujibu mbio: hakuna kosa, mama, nilitaka tu kukuambia jana alisimama akapresente mwenzake vizuri. Kila wiki mbili ubadilishe mabanki, usiache bakubwa bakae nyuma na badogo mbele mupaka mwisho wa mwaka.